Krimu au beji? Namna ya kulinganisha rangi mbili za joto kabla fundi hajafungua ndoo

Nyumba yetu iko Ilboru, upande wa juu wa mji wa Arusha, na dirisha kubwa la sebule linatazama migomba. Mara ya kwanza tulipoipaka rangi, niliichagua dukani. Nilisimama kaunta chini ya taa ndefu nyeupe, kadi mkononi, fundi akinisubiri nje na bodaboda. Kwenye ile kadi krimu niliyoipenda ilikuwa tulivu kama siagi. Ukutani, saa nne asubuhi, ilitoa ukijani hafifu, na usiku tulipowasha taa ikapauka kama karatasi ya daftari la zamani. Duka liliniuzia nilichokitaka na fundi akapaka alichopewa. Mimi ndiye niliyeamua kwa dakika kumi, mahali ambapo ile rangi haikuwa inakwenda kukaa. Tuliishi nayo miaka minne hadi tulipopata pesa ya kurudia.

Mara ya pili nilichukua wiki nzima, nikiwa na rangi mbili tu. Utaratibu nilioufuata ndio huu, na umo ndani yake mambo niliyoyaokota kwa mafundi wawili waliokuwa na subira ya kunijibu. Nimeuandika kwa ajili ya mtu mwenye chumba kimoja, rangi mbili zinazomvutia kwa nguvu sawa, na pesa ya kupaka mara moja.

1. Chagua rangi mbili zinazolinganishika

Rangi za joto ni zile zinazoelemea manjano, chungwa au nyekundu: krimu, pichi, beji, mchanga, haradali, udongo wa kuchoma. Ukoo huo ni mkubwa, na ndugu zake hawafanani tabia. Mimi nilibaki na mbili. Ya kwanza ilikuwa krimu ya rangi ya ndizi mbivu ukishaimenya. Ya pili ilikuwa beji yenye wekundu kidogo, kama uji wa ulezi uliotiwa maziwa mengi.

Kabla ya kununua hata kopo, weka kila kadi juu ya karatasi nyeupe ya kawaida, ile ya kuchapia. Ukiishika kadi peke yake, jicho linakuambia tu kwamba ni "krimu". Ukiiweka juu ya nyeupe, rangi iliyojificha ndani yake inajitokeza: hii ina manjano, hii ina waridi, hii ina ukijani ambao hukuuona. Kisha tazama kadi yenyewe ilivyopangwa. Nyingi zina ngazi, nyepesi juu na nzito chini. Ile ya chini kabisa ndiyo mama wa zile za juu. Kama ya chini ni haradali, ujue krimu yako ni haradali iliyozimuliwa, na ukuta mzima utakukumbusha hivyo.

Kuna kosa moja hapa linalowapoteza wengi. Mtu anaweka krimu nyepesi sana kando ya beji nzito, anaona krimu "inang'arisha chumba", anaichagua. Hapo amelinganisha wepesi na uzito, hajalinganisha rangi na rangi. Kampuni nyingine za rangi huchapa nyuma ya kadi namba inayoonyesha ukuta utarudisha mwanga kiasi gani, kuanzia 0 ya nyeusi kabisa hadi 100 ya nyeupe kabisa. Kama kadi zako zina namba hiyo, tafuta mbili zinazokaribiana. Kama hazina, ziweke pamoja, zipige picha kwa simu, halafu igeuze picha iwe ya nyeusi na nyeupe. Zikionekana kijivu kimoja, zimelingana wepesi, sasa unaweza kuzishindanisha kwa haki. Moja ikiwa na kijivu cheusi zaidi, panda au shuka ngazi moja kwenye kadi yake.

Hiyo ndiyo kazi pekee ninayoikubali kwa kamera ya simu katika jambo hili. Usiamue rangi ya ukuta kwa picha aliyokutumia dada yako kwenye WhatsApp. Simu hujirekebishia weupe wa picha yenyewe bila kukuuliza, na kila kioo cha simu kina rangi zake.

2. Lijue dirisha lako

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo miongozo tunayoisoma kutoka Uingereza na Marekani inapotuangusha. Kule wanasema chumba chenye dirisha la kaskazini ni cha baridi na chumba cha kusini kina jua mwaka mzima. Kwao ni kweli, kwa kuwa wanaishi mbali kaskazini mwa ikweta. Sisi tuko nyuzi tatu na kidogo tu kusini mwa ikweta, na jua letu linahama upande. Kuanzia katikati ya Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba, jua la mchana hupita upande wetu wa kaskazini. Miezi iliyobaki hupita upande wa kusini. Kwa hiyo dirisha la kaskazini huguswa na jua Juni, na dirisha la kusini huguswa Desemba. Tena hata katika miezi hiyo, jua la saa sita linakuwa juu sana angani, zaidi ya nyuzi 60 kutoka upeo, hivyo kama paa lina ukingo mzuri, jua linaishia kwenye baraza.

Kuzijua pande hakuhitaji dira. Ukiwa Arusha mjini, Mlima Meru uko kaskazini. Ukiwa Moshi, Kilimanjaro uko kaskazini. Dirisha linalotazama mlima ni la kaskazini, linaloupa mlima mgongo ni la kusini.

Kwa huku kwetu madirisha yanayotawala rangi ni ya mashariki na ya magharibi. Jua huchomoza na kuzama karibu na saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, nalo likiwa chini linaingia ndani hadi ukuta wa pili. Chumba cha mashariki kinapata mwanga wa dhahabu asubuhi, halafu kuanzia mchana kinapoa na kuwa cha kijivu. Cha magharibi ni kinyume: asubuhi kimelala, na saa kumi na moja jioni kinawaka. Krimu yenye manjano katika chumba cha magharibi inaweza kukolea jioni hadi ikakera macho. Beji ileile, saa ileile, inageuka kama ngozi ya mtu aliyekaa karibu na moto, na inapendeza.

Halafu kuna mawingu. Mtu aliyezaliwa Arusha hahitaji kuelezwa Juni, Julai na Agosti: wingu linakaa juu ya mji hadi mchana, mlima hauonekani, watu wanavaa masweta, na usiku baridi inaweza kushuka hadi nyuzi 12 au chini yake. Mwanga wa siku kama hizo ni wa kijivu, una ubluu kidogo, na hauna kivuli. Unainyonya rangi. Ndiyo maana tunazitafuta rangi za joto hata kama hatusemi hivyo. Basi hukumu ya kweli ya rangi ya joto itolewe siku ya mawingu. Kama unachagua Januari, jua likiwa kali, ngoja walau asubuhi moja ya wingu kabla hujaamua.

Usisahau kilicho nje ya dirisha. Mwanga hauingii mikono mitupu. Unakuja na rangi ya kitu ulichokigusa njiani. Sebule yangu ilikuwa inapokea mwanga uliopita kwenye majani ya migomba, na kijani kile kilikuwa kikimwagika juu ya krimu yenye manjano kila asubuhi. Manjano na kijani ni majirani, wanaitikiana upesi. Beji yenye wekundu ilikipinga kile kijani, ikabaki ya joto, ingawa ilipungua uchangamfu. Mwenye ua wa udongo mwekundu usio na majani atapata kinyume chake: udongo unarusha wekundu ndani, beji inakolea waridi, na krimu inatulia. Ukuta wa jirani uliopakwa bluu nao una neno lake. Simama katikati ya chumba, tazama nje, uliza: ni rangi gani inayojaza dirisha hili?

3. Badilisha balbu kwanza

Watu huchagua rangi, wanapaka, halafu ndipo wanagundua taa haifai. Geuza mpangilio huo. Balbu ni rahisi kuliko galoni ya rangi.

Kwenye boksi la balbu ya LED kuna namba yenye herufi K. Kati ya 2700K na 3000K ni mwanga wa manjano, kama wa balbu zile za zamani za waya. 4000K ni wa katikati. 6500K ni mweupe wenye ubluu, na ndio uliojaa kwenye maduka yetu mengi kwa sababu watu huona unamulika zaidi. Chini ya 6500K krimu yangu ilipauka na kupata ukijani, na beji ikapoteza wekundu wake ikawa kama saruji iliyolowa. Chini ya 3000K krimu ilijaa kama samli, na beji ikawa na joto bila kupiga kelele. Rangi zilikuwa zilezile, na chumba kilekile.

Tazama pia kama boksi lina namba ya CRI. Hiyo inaeleza taa inaonyesha rangi za vitu kwa uaminifu kiasi gani, na 100 ndiyo kilele chake. Chini ya 80 usichukue kwa sebule. Kuna jambo la ajabu linalotokana na hili: rangi mbili zinaweza kufanana kabisa chini ya taa ya duka, na zikaachana wazi chini ya jua. Kwa hiyo mtu anayekuambia "hizi mbili ni sawasawa tu" huenda anasema kweli pale aliposimama.

Funga balbu utakazotumia, kisha endelea na hatua inayofuata.

4. Tengeneza vibao

Nunua kopo dogo kabisa la kila rangi, mara nyingi ni lita 1. Linauma, najua, lakini yatakayobaki yatapaka stoo, korido au upande wa ndani wa kabati. Nunua pia karatasi mbili za manila, au omba vipande viwili vya plaiwudi kwa fundi seremala, kila kimoja sentimita 60 kwa 60 hivi. Plaiwudi uipake kwanza mkono mmoja, yaani tabaka moja, wa rangi nyeupe, isije ikainywa rangi yako na kuonyesha wekundu wa mbao.

Paka mikono miwili kamili, ukisubiri wa kwanza ukauke. Acha ukingo mweupe kuzunguka kibao, upana wa vidole viwili au vitatu. Usihukumu chochote kabla haijakauka vizuri, ikiwezekana hadi kesho yake. Rangi ya maji inapokuwa mbichi huonekana nyepesi, na ikikauka inakolea.

Kwa nini usipake tu kipande ukutani? Kwa sababu ukuta wako tayari una rangi, na rangi ile ya zamani itashuhudia uongo. Krimu mpya iliyozungukwa na bluu ya zamani itaonekana ya chungwa. Mfaransa Michel Eugène Chevreul, mkemia aliyesimamia utiaji rangi wa nyuzi kwenye kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, Paris, alipokea malalamiko kwamba nyuzi zake nyeusi zimefifia. Alipochunguza akakuta nyuzi ni nzima. Zilizokuwa zikizififisha ni rangi zilizofumwa kando yake. Mwaka 1839 alichapisha maelezo ya jambo hilo, na hadi leo kila fundi anakutana nalo, awe anamjua Chevreul au hamjui.

Kwa sababu hiyohiyo usizigusanishe rangi zako mbili. Beji ikikaa bega kwa bega na krimu, krimu inasukumwa kuelekea kijani na beji inasukumwa kuelekea waridi, na wewe unabaki unachagua kati ya rangi mbili ambazo hazipo. Tazama kibao kimoja peke yake kwanza, kingine ukiwa umekigeuza kifudifudi. Baada ya hapo ndipo uviweke pamoja, ukingo mweupe ukitenganisha.

5. Wiki ya kutazama

Vibao vina faida ya kutembea. Kibandike ukuta unaotazamana na dirisha, kesho ukuta wenye dirisha lenyewe, ambao daima ndio wenye giza kuliko zote, kesho kutwa kwenye kona. Kiweke wima kama ukuta ulivyo. Ukikilaza mezani mwanga unakipiga kutoka juu, na hakuna atakayelaza ukuta wako.

Tazama saa moja na nusu asubuhi, saa sita mchana, saa kumi na moja jioni, na saa mbili usiku taa zikiwa zimewashwa na mapazia yamefungwa. Kila mara andika neno moja au mawili kwenye daftari, usiamini kumbukumbu. Yangu ya Jumatano yalisomeka hivi: krimu, "majani, baridi", beji, "mkate". Ya usiku: krimu, "nzuri, kali kidogo", beji, "nzuri". Kufika Jumapili daftari lilikuwa limeshaamua kabla yangu.

Ingia chumbani ukitokea nje, utazame papo hapo. Jicho likikaa ndani dakika chache linaizoea rangi ya mwanga na kuanza kuisahihisha, kila kitu kinaonekana cha kawaida. Mtazamo wa kwanza mlangoni ndio atakaoupata mgeni wako, na ndio utakaoupata wewe kila ukirudi kazini.

Mwite pia mtu mzima wa nyumba. Mama yangu mzazi alikuwa amekuja kutoka Machame wiki ile, akawa anakaa kwenye kiti chake karibu na mlango.

"Mama, ipi kati ya hizi?" nikamuuliza jioni.

"Mwanangu, hiyo ya uji naipenda, lakini ukutani kote itanizidishia giza. Hebu iwe na maziwa zaidi."

Sikuipuuza ile kauli. Jicho la mtu mwenye umri mkubwa linahitaji mwanga mwingi zaidi, na lenzi yake huwa imeshaanza kuingia umanjano, hivyo rangi ambayo kwako ni ya kupumzisha, kwake inaweza kuwa ya kuficha kikombe alichokiweka mezani. Nilipanda ngazi moja kwenye kadi ya beji, nikapaka kibao kipya, na kweli kilikuwa bora kuliko cha kwanza kwa kila mtu.

Jambo la mwisho kuhusu kutazama: rangi ya joto huongezeka nguvu ikizunguka chumba. Ukuta mmoja wa manjano unarusha mwanga wake kwa ukuta wa pili, nao unaurudisha, hadi rangi inakuwa nzito kuliko ulivyoiona kwenye kibao. Ionje hali hiyo kwa kukunja karatasi ya manila iliyopakwa iwe kama kona na kuchungulia ndani yake. Unavyoiona mle kwenye mkunjo ndivyo chumba kitakavyokuwa. Ukiwa katikati ya ngazi mbili za krimu, chukua ile nyepesi.

6. Vitu ambavyo havibadilishwi

Hutanunua sofa jipya kwa ajili ya ukuta. Kwa hiyo sogeza kibao kando ya sofa, kando ya pazia, na hasa chini kabisa kwenye sakafu. Mbao za mninga zina wekundu wa kahawia, na zikikutana na beji yenye waridi chumba kizima kinaweza kuelemea wekundu. Krimu hapo inaupa mninga nafasi ya kuonekana. Sakafu ya saruji iliyotiwa rangi nyekundu, ile inayosuguliwa kwa nta hadi inang'aa, inarusha wekundu juu hadi usawa wa kiuno. Vigae vya kijivu navyo vinaitaka rangi yenye joto kuliko unavyofikiri, na hapo beji inasaidia.

Siling ya jipsamu nyeupe kabisa ni kipimo kingine. Nyeupe yenye ubluu juu ya krimu ya manjano inaifanya krimu ionekane imezeeka. Ukipenda krimu, mwambie fundi siling ipigwe nyeupe yenye tone la krimu ileile.

7. Yasikilize ya fundi

Kuna tofauti kati ya rangi mbili ambazo jicho halioni lakini brashi inaziona. Fundi wangu, kijana ambaye huanza kila siku na shikamoo kabla hajashusha ngazi, alikitazama kibao cha ngazi ya tatu ya krimu, ile iliyokolea, akatikisa kichwa.

"Hii itakula mikono mitatu, mama. Labda minne."

"Kwa nini, fundi? Beji umesema miwili."

"Manjano haifichi. Hiyo ya udongo inafunika yenyewe."

Yuko sahihi, na sababu ni chembe zilizomo ndani. Beji, mchanga na rangi za udongo hupata rangi yao kutokana na oksidi za chuma, kitu kilekile kinachoufanya udongo wetu uwe mwekundu. Chembe hizo zinafunika vizuri, hazichujuki na jua, na hazidhuriwi na chokaa iliyomo kwenye plasta. Manjano iliyochangamka kwa kawaida hutengenezwa kwa chembe za aina nyingine, ambazo mwanga hupenya kati yake, kwa hiyo ukuta wa nyuma unaendelea kuchungulia. Krimu nyepesi haina shida hiyo sana, kwa kuwa sehemu kubwa yake ni weupe unaofunika. Tatizo linaanza manjano inapokolea.

Vumbi ni suala jingine. Anayeishi Moshono au Olasiti hapa Arusha, au Pasua kule Moshi, kando ya barabara ya udongo anajua mstari mwekundu unaojichora juu ya sketingi, ule ukanda wa chini ya ukuta, na alama za viganja vya watoto kando ya swichi. Kwenye beji alama hizo zinajificha hadi Jumamosi ya usafi. Kwenye krimu zinaonekana siku hiyohiyo. Wengine hupiga rangi ya mafuta iliyokolea kutoka sakafuni hadi usawa wa mita moja, kama madarasani. Ukifanya hivyo, ile ya chini ndiyo itakayotawala macho, kwa hiyo nayo ipimwe kwa kibao.

Hakikisha vibao vyote viwili vina mng'ao mmoja. Silki, ile rangi yenye mng'ao wa hariri, inarudisha mwanga na inafutika kwa kitambaa chenye maji, lakini inaonyesha kila nundu ya puti, ule unga laini wa kusawazishia ukuta. Isiyong'aa inaficha makosa ya ukuta na inashika uchafu. Ukilinganisha krimu ya silki na beji isiyong'aa, utachagua mng'ao ukidhani umechagua rangi.

Kama plasta ni mpya, ngoja wiki nne ikauke. Chokaa mbichi inaharibu rangi na kutoa madoa meupe, na hakuna kadi iliyokuonya.

8. Amua kwa saa unayokitumia chumba

Rudi kwenye daftari. Utakuta hakuna rangi iliyoshinda saa zote, na haitatokea. Jiulize chumba kinatumika lini. Sebule yetu ina watu kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa nne usiku, na Jumapili mchana baada ya ibada. Kwa hiyo safu ya saa mbili usiku niliipa uzito mara mbili, na siku ya mawingu nikaipa uzito wa pili. Beji ilishinda zote mbili. Krimu ilikuwa bora saa moja na nusu asubuhi, saa ambayo sote tunatafuta soksi na hakuna anayetazama ukuta.

Lakini chumba cha watoto kina dirisha la mashariki na hakina mgomba mbele yake. Pale krimu iliyobaki kwenye kopo la majaribio, kibao kilipobandikwa, iliwaka asubuhi kama mtu amefungua mlango wa jua. Tukanunua nyingine ya kutosha, na watoto wakapata krimu.

Kwa ufupi, hivi ndivyo ningemshauri rafiki: kijani kingi nje, mawingu mengi, taa nyeupe ambazo hutaki kuzibadilisha, vumbi la barabarani, chukua beji yenye wekundu. Dirisha la mashariki, sakafu nyekundu au mbao nyingi za mninga, chumba kidogo chenye mzee anayesoma Biblia au Kurani jioni, chukua krimu, ngazi ya juu ya kadi. Kama mwenye nyumba wako ndiye mwenye sauti ya mwisho, mwonyeshe kibao, usimwonyeshe kadi. Kibao kinashawishi.

9. Nunua kwa hesabu, changanya kwa pamoja

Chukua chumba cha mita 4 kwa 5, kuta za mita 2.7. Mzunguko ni mita 18, zidisha kwa 2.7 upate mita za mraba 48.6. Toa mlango wa mita 0.9 kwa 2.1 na madirisha mawili ya mita 1.5 kwa 1.2, zinabaki kama 43. Kwa mikono miwili ni 86. Lita moja kwenye ukuta laini hupaka takriban mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, hivyo unahitaji lita 8.6. Galoni mbili za lita 4 hazitoshi kwa unyoya, ongeza kopo la lita 1. Ukuta wenye plasta ya kukwaruza au ambao haujapigwa puti hunywa zaidi.

Nunua yote siku moja, kwa namba moja, na mwombe muuzaji apake tone kwenye kifuniko na alikaushe mbele yako ulilinganishe na kibao chako. Beba kibao kwenda nacho, kitoe nje ya mlango wa duka kwenye mwanga wa mchana. Ukifika nyumbani, mwambie fundi amimine galoni zote ndani ya ndoo moja kubwa na kuzikoroga pamoja kabla ya kuanza. Mashine ya kuchanganya ni sahihi, lakini tofauti ndogo kati ya kopo na kopo itaonekana katikati ya ukuta, pale la kwanza lilipoishia. Na fundi asianze kwa ukuta wa mbele. Aanze nyuma ya mlango, mikono miwili, muache ikauke usiku mmoja, muitazame asubuhi.

Ile itakayobaki itie kwenye chupa ya kioo yenye mdomo mpana, ijaze karibu na kifuniko ili hewa isiwe nyingi ndani, uifunge vizuri na kuigeuza kichwa chini kwa muda mfupi ili rangi izibe ukingo. Bandika karatasi juu yake: jina la chumba, namba ya rangi, aina ya mng'ao, duka, mwezi na mwaka. Yangu iko juu ya kabati la jikoni, na kibao cha beji kiko nyuma yake, kikisubiri siku tutakayonunua mapazia.